Kimbunga, Mafuriko na Kamati ya Kijiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya mtaa Mikindani, kwa wavuvi wanaosubiri bahari itulie, ndani ya mabasi yaliyokwama njiani, na kwenye simu za ndugu zinazoingia usiku upepo ukianza kuvuma. Mengi yanarudi kila mwaka. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Ukiona "tazama swali fulani", jibu kamili liko huko.

## Mambo ya msingi

1. Maafa ni nini hasa? Mvua ikiangusha choo changu, hayo ni maafa?

Kwako ni balaa, lakini kisheria bado. Nchi yetu inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, ambayo nayo iliifuta ya 1990. Maafa ni tukio linalovuruga maisha ya jamii, kwa vifo, majeruhi, hasara ya mali au uharibifu wa mazingira, kiasi kwamba jamii yenyewe haiwezi kulimudu kwa uwezo wake. Choo kimoja kikianguka, majirani hushika majembe na siku ya pili kimesimama. Vyoo vya kitongoji kizima vikizama na maji yake yakaingia kisimani, mmezidiwa, na hapo wilaya inahusika.

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: janga na maafa. Upepo mkali ni janga. Mto kufurika ni janga. Hayo hatuna uwezo wa kuyazuia. Janga linageuka kuwa maafa pale linapowakuta watu bondeni, hawakuambiwa, hawajui pa kukimbilia. Sehemu hiyo ya pili iko mikononi mwetu, na karibu kila jibu ninaloandika hapa linaihusu.

2. Serikali ipi inahusika? Ya Dodoma, ya mkoa au ya kijiji?

Zote, kila moja kwa kiwango chake. Juu kabisa ipo Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Hiyo inaratibu: inazikutanisha wizara, majeshi, mashirika na wafadhili. Chini yake zipo kamati za usimamizi wa maafa za mkoa, wilaya, kata, na kijiji au mtaa.

Utaratibu unapanda kutoka chini. Kijiji kikizidiwa kinaita kata, kata inaita wilaya, wilaya inaita mkoa. Ndiyo maana mtu anayempigia simu mbunge kabla ya kumwambia mtendaji wake anapoteza saa ambazo angezihitaji. Mbunge naye atampigia mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya atamuuliza mtendaji, na mtendaji atasema: sijaletewa taarifa.

3. Kijijini kwetu sijawahi kuisikia hiyo kamati. Ipo kweli?

Sheria inataka iwepo. Kama ipo kweli, hilo lina jibu moja tu: simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa uulize majina ya wajumbe. Usiulize "je, kamati ipo?" maana utajibiwa "ipo". Uliza ni akina nani, walikutana lini mara ya mwisho, na orodha ya wazee na wagonjwa wasioweza kutembea iko kwa nani.

Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja ambapo mama mmoja muuza mihogo aliuliza hivyo hivyo. Daftari lilifunguliwa, majina saba yakasomwa. Wawili walikuwa wameshafariki. Mmoja alikuwa amehamia Masasi. Aliyekuwa amekaa pembeni yangu alishtuka kusikia jina lake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia. Tulicheka kidogo, kisha ukimya ukatanda. Kamati mpya ilichaguliwa mchana ule ule, na yule mama wa mihogo akiwamo.

Mwezi mzuri wa kuuliza ni Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

4. Huku kwetu kuna majanga gani ya kuhofia?

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na huo huo ndio msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo pwani hofu ni upepo, mawimbi na mvua kubwa. Kilwa na Lindi kuna mito kama Matandu, Mavuji na Mbwemkuru. Januari 2020 mafuriko yaliua watu mkoani Lindi na kuwaacha maelfu bila makazi, na vijiji vya Kilwa ndivyo vilivyoumia sana. Upande wa Mtwara, Mto Ruvuma hufurika na kumeza mashamba ya mpunga.

Bara kwetu, Liwale na Nachingwea, janga lina miguu minne (tazama swali la 20). Kiangazi kuna moto wa mashambani, ambao ukiingia kwenye mikorosho unachoma kazi ya miaka kumi kwa alasiri moja. Na baada ya mafuriko kuna kipindupindu.

## Kimbunga na tahadhari

5. Mbona zamani hatukuwa na vimbunga?

Tulikuwa navyo, ila kwa nadra. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi na kuua watu. Nadra yake ina sababu. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto pamoja na mzunguko wa dunia wa kuupinda upepo, na nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo karibu na ikweta. Sisi tupo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, pembezoni mwa njia yao. Msumbiji na Madagaska wapo katikati ya njia.

Ila pembezoni si nje. Kenneth mwaka 2019, Jobo mwaka 2021, Hidaya mwaka 2024: vyote vilikuja upande wetu. Hidaya ilitokea Mei, wakati wengi tulishasema msimu umekwisha.

6. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa vinatofautianaje?

Ni ngazi tatu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na kila moja ina rangi yake. Angalizo ni njano: kaa ukijua, fuatilia taarifa. Tahadhari ni rangi ya chungwa: jiandae kuchukua hatua. Tahadhari kubwa ni nyekundu: chukua hatua sasa.

Kila taarifa inataja pia mambo mawili ambayo watu huyaruka: uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari, kila kimoja kikiwa kidogo, wastani au kikubwa. Yasome yote mawili. Jambo lenye uwezekano mdogo lakini athari kubwa linastahili maandalizi kuliko lenye uwezekano mkubwa wa kukulowesha tu.

7. Mwaka 2019 tulihamishwa Mtwara kwa ajili ya Kenneth, na hakuja. Kwa nini niwaamini tena?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza huwa hatanii. Watu walifunga maduka, shule zilifungwa, wa mabondeni wakaambiwa waende sehemu za juu. Kuna waliobeba magodoro kichwani na watoto mgongoni. Asubuhi yake jua likawaka. Hasira ile naielewa.

Lakini Kenneth alikuja. Jioni ya tarehe 25 Aprili 2019 aliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kaskazini mwa mji wa Pemba wa huko, kama kilomita 200 kusini ya Mtwara. Huo ni umbali mdogo kwa kitu chenye upana wa mamia ya kilomita. Kisiwa cha Ibo nyumba nyingi ziliezuliwa au kuanguka kabisa, na nchini Msumbiji watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi wetu tuna shemeji au mjomba ng'ambo ya Ruvuma. Waulize kama Kenneth alikuwa uvumi.

Kimbunga hakina reli. Kikiwa baharini, mabadiliko madogo ya upepo wa juu yanaweza kukisogeza kaskazini au kusini. Anayetoa tahadhari siku mbili kabla lazima ataje eneo pana kuliko litakaloumia, la sivyo asubiri hadi awe na hakika, na akishakuwa na hakika muda wa kuhama umekwisha. Ni kama mvuvi anayetoa nyavu majini akiona wingu jeusi. Mara tatu wingu linapita. Ya nne haliko hivyo, na hakuna aliyemcheka mara zile tatu anayemcheka tena.

Jobo mwaka 2021 alilegea kabla ya kufika pwani. Hidaya alifika. Kwa anayekaa ufukweni Kilwa, tahadhari ya Jobo na ya Hidaya zilifanana zilipoanza. Kwa hesabu yangu, kuhama mara mbili bure ni bei nafuu.

Kuna lawama moja naikubali: baada ya Kenneth tulistahili mtu apite mtaa kwa mtaa atueleze kilichotokea. Watu waliachwa na jua lao na hitimisho lao. Kamati ya mtaa iandike hilo kwenye kazi zake: tahadhari ikipita salama, itishwe baraza fupi wiki hiyo hiyo.

8. Hidaya alipita Mafia, kaskazini kabisa. Mbona Kilwa ndiyo iliyoumia hivyo?

Kwa sababu ya upande. Huku kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga unazunguka kufuata mshale wa saa. Kikitoka baharini kuja nchi kavu, walio kusini ya kitovu wanapigwa na upepo unaotoka baharini, uliobeba maji na kuyasukuma mawimbi ufukweni. Walio kaskazini ya kitovu wanapata upepo unaotoka nchi kavu.

Hidaya alifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kilwa, Lindi na Mtwara wote walikuwa kusini yake, upande mbaya. Kenneth alipita kusini ya Mtwara, kwa hiyo mji ulikuwa upande ulio na afadhali. Ukisikia kimbunga kinakwenda kupiga kaskazini yako, usishushe pumzi mapema.

Jambo jingine ni bamvua, yaani zile siku ambazo maji ya bahari hujaa kupita kawaida. Bahari ikisukumwa na upepo wakati wa maji mafu, pwani ina nafasi. Ikisukumwa wakati wa bamvua na maji yamejaa, yanaingia sebuleni. Wazee wa pwani wanaihesabu bamvua kwa mwezi bila kuangalia karatasi. Kila kamati ya mtaa wa ufukweni iwe na mzee mmoja wa namna hiyo.

9. Upepo umetulia ghafla usiku. Nitoke?

Usitoke. Kimbunga kina jicho, sehemu ya katikati iliyo tulivu, wakati mwingine hata nyota zinaonekana. Jicho likipita, upepo unarudi kutoka upande wa pili, na ukuta uliolegezwa na upepo wa kwanza ndio unaoanguka. Subiri taarifa ya TMA.

10. Nani anavipa majina?

Katika bahari yetu, Madagaska hutoa jina kimbunga kikizaliwa magharibi ya nyuzi 55 mashariki, na Mauritius kikizaliwa mashariki ya hapo. Majina yanatoka kwenye orodha iliyoandaliwa mapema na nchi za ukanda huu. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa unapewa jina. Ukifika 118 ndipo unaitwa kimbunga kamili.

11. Mimi ni mvuvi. Tahadhari ikitoka, lazima niache kwenda baharini?

Soma kiwango cha upepo na urefu wa mawimbi kwenye taarifa, siyo rangi peke yake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili ni kawaida kwa jahazi lenye nahodha mzoefu wakati wa kusi. Kwa ngalawa ni hatari. Kwa mtumbwi wa mti mmoja ni kifo. Ukiamua kwenda, mwambie mtu wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU, unakoelekea na saa ya kurudi. Siku za kimbunga usiende kabisa, na chombo kipandishwe juu ya alama ya bamvua kabla upepo haujaanza, kwa maana ukishaanza hakuna atakayekusaidia kukivuta.

12. Kuna ujumbe unasambaa kwenye simu kwamba kimbunga kinakuja kesho. Niusambaze?

Tafuta kwanza kama TMA wamesema hivyo. Hao ndio wenye mamlaka ya kutoa tahadhari ya hali ya hewa nchini. Ujumbe wa kweli una tarehe, saa, maeneo yaliyotajwa na muda wa taarifa inayofuata. Ule wa "nimetumiwa na jamaa yangu yuko Dodoma" hauna hata kimoja. Tena, kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kwa wasio na simu janja, na ni wengi, njia zilizojaribiwa huku ni spika ya msikiti, kengele ya kanisa, mbiu ya mgambo na bodaboda mwenye kipaza sauti. Mkubaliane mapema nani atasema nini, ili msikiti wa chini usiseme "hameni" wakati wa juu unasema "tulieni".

## Kuhama

13. Naweza kulazimishwa kuhama nyumbani kwangu?

Mamlaka zinaweza kuamuru eneo liondolewe watu kwa ajili ya kuokoa maisha. Lakini sijaona polisi akimbeba mtu aliyekataa, na siku ya dhoruba hawatakuwa wengi wa kutosha. Wanaokataa huwa na sababu, na mara nyingi ni moja: mali. Korosho zilizo ndani, mbuzi watatu, bati ambazo hazijamaliza mwaka. Kwa hiyo kamati yenye akili haianzi kwa amri. Inaanza kwa kusema vijana gani watalinda mtaa na mbuzi watafungwa wapi.

14. Tunahamia wapi?

Kwenye majengo imara yaliyo sehemu ya juu: shule, ofisi ya kata, msikiti au kanisa la matofali. Yachaguliwe kabla ya msimu na yakaguliwe paa. Shule nyingi huku zina bati zilizopigiliwa misumari michache, na darasa la namna hiyo si kimbilio. Uliza pia funguo ziko kwa nani usiku. Mwaka mmoja tulisimama mvuani nje ya jengo tulilopangiwa zaidi ya saa nzima, watoto wakitetemeka, kwa kuwa mwenye funguo alikuwa amesafiri. Tangu hapo mtaa wetu una funguo tatu, kwa watu watatu.

15. Nibebe nini?

Vyeti na kadi (cha kuzaliwa, cha NIDA, cha shamba, bima, kliniki ya mtoto) ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Dawa za kila siku. Maji, chakula kisichohitaji moto, tochi, khanga mbili, simu iliyochajiwa. Piga picha nyumba yako nje na ndani kabla ya kuondoka. Sababu iko kwenye swali la 17.

16. Nina bibi asiyeweza kutembea. Nianze lini?

Anza kwenye rangi ya chungwa. Usisubiri nyekundu. Mgonjwa, mjamzito aliyekaribia, mlemavu na mzee wanahitaji saa ambazo mtu mzima mwenye miguu hazihitaji. Mjamzito wa miezi ya mwisho ni bora asogezwe karibu na kituo cha afya siku mbili kabla, maana barabara ikikatika (swali la 19) gari la wagonjwa halitafika. Jina la bibi liwe kwenye ile orodha ya swali la 3, pamoja na jina la kijana atakayembeba.

Namba za bure: 112 polisi, 114 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 199 kwa masuala ya afya.

## Baada ya dhoruba

17. Nani anakuja kuandika hasara, na nifanye nini kabla hajafika?

Anaanza mtendaji wa kijiji au mtaa pamoja na kamati, kisha timu ya wilaya inakuja kuhakiki. Hiyo ndiyo tathmini, na ndiyo karatasi inayoamua chakula, maturubai na bati zitakwenda kwa nani.

Ushauri ninaousisitiza hadi watu wananichoka: usisafishe kabla ya kupiga picha. Baada ya mvua moja kubwa binamu yangu, mtu asiyependa uchafu, aliamka alfajiri akaondoa matope, akapanga bati zilizopinda nyuma ya nyumba na kufagia uwanja. Timu ilipofika siku ya nne iliona nyumba isiyo na paa upande mmoja na uwanja msafi. Aliandikwa "uharibifu mdogo". Jirani yake, aliyeacha kila kitu kama kilivyo, aliandikiwa hasara yake yote. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Mwandishi aliandika alichokiona.

Basi: picha, tarehe, majirani wawili mashahidi, na orodha yako mwenyewe kwenye daftari. Ukiandikwa, soma ulichoandikiwa kabla ya kuweka saini au dole gumba. Kama hujui kusoma, mpe mwanafunzi akusomee kwa sauti mbele ya mtendaji.

18. Nitalipwa fidia? Nitajengewa nyumba?

Hapa kuna maneno matatu, na kuyachanganya kumevunja mioyo mingi.

Fidia ni haki ya kisheria: mtu akichukua ardhi yako kwa mradi, analipa. Upepo haulipi, na serikali haidaiwi fidia kwa sababu ya upepo. Msaada ni kile kinachotolewa ili mtu asife njaa wala asilale nje: unga, maharage, mablanketi, maturubai, dawa. Unategemea tathmini, akiba iliyopo, Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa, na wanaojitolea kama Chama cha Msalaba Mwekundu. Neno la tatu, kifuta jasho, ni la wanyamapori (swali la 20).

Kuhusu nyumba, hakuna ahadi ya jumla. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, serikali ilisema wazi kwamba haitamjengea kila mmoja, na michango ikaelekezwa kwenye shule, zahanati na miundombinu. Baada ya maporomoko ya tope Hanang, Desemba 2023, waathirika walijengewa nyumba. Tofauti hiyo inauma kwa wa Kagera, nami naona sera inapaswa kusema mapema nani anastahili nini, badala ya kila tukio kuamuliwa kivyake. Kwa sasa usikope kwa kutegemea nyumba ya serikali.

19. Barabara ya Kilwa ikikatika tunafanyaje?

Mei 2024 barabara kuu ya Dar es Salaam ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwamo. Mabasi yalijipanga pande zote mbili, watu wakalala kwenye viti, mama ntilie wakaishiwa mchele. Hiyo ni barabara kuu, ya TANROADS. Za vijijini na mitaani ni za TARURA. Kujua hivyo kunakuokoa kupeleka malalamiko mlango usiohusika.

Njia nyingine ya kutoka Mtwara ni kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Ni safari ndefu mno, lakini ipo. Tatizo kubwa linabaki kwa bidhaa: mafuta, dawa na unga vingi vinaingia kwa njia ile moja. Duka la dawa la kijijini na zahanati zijiwekee akiba kabla ya Desemba. Mwenye sukari au shinikizo la damu aombe dawa za mwezi mzima.

## Masuala yenye utata

20. Tembo wameingia shambani Liwale. Hayo ni maafa?

Kwa njaa itakayofuata, ndiyo. Kwa mlango wa kugonga, hapana: hilo linakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, kupitia mtendaji. Kuna kanuni za mwaka 2011 zinazotoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Majina yenyewe yanasema ukweli: ni pole, wala hailingani na thamani ya gunia lako. Kwa mazao pia inahesabiwa hadi ekari tano tu.

Toa taarifa siku ile ile, nyayo zikiwa bado mbichi. Ushauri wa swali la 17 unatumika hapa neno kwa neno. Na kama vijiji vitatu vimeliwa chakula chote, kamati ya maafa ya wilaya ndiyo ya kuomba chakula cha msaada.

21. Kiwanja changu kiko mita 30 kutoka mtoni. Nilinunua kwa hati ya mtaa. Niko salama?

Hauko salama kwa maji wala kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Karatasi ya mauziano haifuti kifungu hicho. Usiongeze chumba hapo. Kama bado hujajenga, mrudie aliyekuuzia mbele ya mwenyekiti. Kama umeshajenga na huna pa kwenda, angalau kitanda, unga na vyeti viwe juu, na jina lako liwe la kwanza kwenye orodha ya kuhama.

Wanaokata mikoko kwa ajili ya nguzo na kuni wasome jibu hili nao. Mikoko ndiyo inayovunja wimbi kabla halijafika kwenye nyumba. Ukiiondoa, umejisogeza baharini bila kuhama.

22. Rais hakutangaza hali ya hatari Kilwa ilipozama. Maana yake tulisahauliwa?

Hapana. Hali ya hatari iko kwenye ibara ya 32 ya Katiba na ni jambo zito, kwa kuwa inaruhusu haki fulani kubanwa. Mafuriko mengi nchini yameshughulikiwa bila kuitangaza, na msaada hausubiri tangazo hilo. Unasubiri tathmini.

23. Nyumba yetu iko karibu na bomba la gesi. Tukisikia mvumo au harufu?

Toka kwa miguu, upande ambao upepo unatokea, usiwashe pikipiki wala jiko, wala usibonyeze swichi ya umeme. Simu piga ukiwa mbali: 114. Wa Msimbati na Madimba wana haki ya kuomba wenye mitambo waje kufanya nao zoezi la kuondoka. Ombeni kwa barua kupitia kijiji, na nakala mbaki nayo.

24. Tunataka kuchangia waliokumbwa na mafuriko. Tukusanye tu?

Wasilianeni kwanza na ofisi ya mkuu wa wilaya, mpewe utaratibu na stakabadhi. Ulizeni kinachohitajika. Nimeona marundo ya nguo za mitumba, koti za baridi zikiwamo, zimelowa kwenye kona ya darasa, huku akina mama wakitafuta sufuria, sabuni na vidonge vya kutibu maji. Ndoo yenye mfuniko inazuia kipindupindu kuliko koti.

25. Mwenyekiti amekataa kuitisha kamati. Nifanye nini?

Andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mratibu wa maafa wa halmashauri, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Peleka na majirani kumi, si peke yako. Wakati mnasubiri majibu, hakuna sheria inayowazuia kukaa chini ya mwembe mkaandika nani ana mtumbwi, nani ana pikipiki, nani anajua huduma ya kwanza, na nani hawezi kutembea. Kamati ikija kuundwa, itakuta daftari limeshaanza.